Uzi: Mkopo wa dharura wa chuo wakati HELB imechelewa. Nimeupitia, ulizeni

Mbaazi_Bila_Nazi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa hamjambo. Jana kijana mmoja kanijia pembeni kuniuliza, "Ati ni kweli chuo kinakopesha?" Nikaona niandike hapa mara moja wasome wote, maana mimi habari hizi nilizipata simu nishaiuza.

Chuo chenyewe kiko hapa hapa Mombasa. Sitakitaja na msinisukume.

Nilikuwa mwaka wa pili. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, walishaniandikia kiasi nitakachopata, pesa za matumizi zimo, kwenye akaunti yangu zinaonekana kama samaki kwenye tangi la kioo: unaziona, huzili. Semista ilianza Septemba, wiki ya sita ikafika, kimya. Nakaa Mlaleo, chumba shilingi 4,000, choo cha nje, maji ya mkokoteni mtungi shilingi 20. Mamangu anapika mahamri ng'ambo ya Likoni, na mwezi ule mafuta ya kupikia yalikuwa yamepanda, kwa hivyo kumpigia simu kuomba ilikuwa ni kumliza tu. Nikawa naandikisha dukani. Ilifika pahali muuzaji akiniona kwa mbali anafungua daftari kabla sijamsalimia.

Aliyeniambia ni bawabu wa maktaba. Kasema, "Wewe mbona huendi ustawi wa wanafunzi? Wenzako wanakopa pale." Nikadhani anatania.

Ofisi iko nyuma kabisa, benchi moja, pangaboi linazunguka kwa kuona haya. Ndani yuko mama mmoja wa makamo na penseli yake. Swali la kwanza hakuuliza kitambulisho. Aliuliza:

"Jana umekula nini?"

"Viazi karai."

"Na juzi?"

"Viazi karai."

Akasema, "Haya," akanisogezea fomu.

Fomu ina sehemu ya bajeti. Nilijaza kishujaa, nikaweka bando la intaneti 1,500. Akakata, akaandika 500. Kisha akagonga mstari wa nauli kwa penseli: "Umeandika nauli ya kuja. Kurudi hurudi?" Tukafanya hesabu upya. Kodi 4,000. Chakula 150 kwa siku, siku 28, ni 4,200. Nauli 100 kwenda na kurudi, siku tatu za masomo kwa wiki, wiki nne, 1,200. Bando 500. Jumla 9,900. Kikomo chao ni 10,000, kwa hivyo nilipenya.

Nilitakiwa kuleta: kitambulisho cha chuo, picha ya skrini ya HELB inayoonyesha nimepewa kiasi gani na hakijatumwa, saini ya mwenyekiti wa idara, na namba ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina langu mwenyewe (hili la mwisho liliwarudisha wengi, laini imesajiliwa kwa jina la shangazi). Siku ya tatu ya kazi pesa ikaingia. Riba hakuna. Ada ya fomu hakuna. Masharti ni mawili: HELB ikiingia unalipa ndani ya siku saba, au unalipa kabla ya wiki ya mitihani, litakalotangulia. Usipolipa, semista inayofuata husajiliwi.

Ulizeni.

---

Kisiki_cha_Kisauni

Kwani hizi si pesa za kulipia karo? Mimi nina baki la karo 14,000, kadi ya mtihani nimenyimwa.

---

Mbaazi_Bila_Nazi

Hapana. Hii ni ya tumbo na paa. Kwa karo unakwenda ofisi ya fedha na barua, unaomba kulipa kwa awamu. Ni mlango mwingine kabisa, na ni bora uubishe kabla ya wiki ya kumi. Baada ya hapo foleni inafika uwanjani.

---

Chuma_cha_Changamwe

Heri nyinyi. Mimi nilikopa kwa programu ya simu, sitaitaja, elfu tatu tu. Siku nne kupita tarehe wakaanza kuwatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yangu. Mhadhiri wangu wa hesabu alipata. Fundi wa cherehani alipata. Imamu wa msikiti wetu alipata, na Ijumaa ile hotuba ilikuwa juu ya madeni, mpaka leo sijui kama ni bahati mbaya.

---

KivukoKwaMguu

😂😂😂 Wallahi hotuba hiyo ilikuwa yako.

---

Bibi_Hesabu

Ngoja niingie. Nimefanya kazi ya uhasibu kwenye mfuko wa namna hii kwa miaka kadhaa, chuo kingine, pwani hii hii. Wanangu, kuna vitu viwili mnavichanganya.

Kwanza huyo wa Changamwe. Ulichofanyiwa si ungwana na si halali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na tangu 2022 kuna kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wa kidijitali: lazima wawe na leseni, na kuwaandama watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa kumekatazwa. Lalamika kwa Kamishna wa Data. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Itazame kabla ya kukopa.

Pili, gharama. M-Shwari, mkopo wa simu kupitia M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Watu husikia saba na nusu wakaona kidogo. Chukua hizo 9,900 za mwanzisha uzi: ada ni shilingi 742 na nusu kwa mwezi mmoja. Kwake Mlaleo hiyo ni mitungi 37 ya maji. Na ukishindwa siku 30 zikipita, ulikuwa unaongezwa asilimia 7.5 nyingine. HELB yenyewe, ambayo watu huilaani, ni asilimia 4 kwa mwaka, na huanzi kudaiwa mpaka mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kwa mwaka, siyo kwa mwezi. Someni tena sentensi hiyo.

Sasa la msingi, ambalo hata baadhi ya maafisa hawalielewi. Mkopo wa muda mfupi wa chuo ni ngalawa. Inakuvusha kutoka ng'ambo hii kwenda ile, na ng'ambo ya pili lazima iwepo. Nikiwa mezani swali langu lilikuwa moja: pesa ya kulipa inatoka wapi, na lini? Akisema "HELB, imeidhinishwa, hii hapa picha," nampa hata kabla ya chai. Akisema "basari ya kaunti, jina langu limebandikwa ukutani," namwambia akalipige picha. Akisema "Mungu atajalia," simpi. Sikatai kuwa Mungu hujalia, lakini fomu ina nafasi ya tarehe.

Na simpi kwa kumhurumia. Yule hahitaji mkopo, anahitaji msaada au kazi. Ukimkopesha elfu kumi mtu asiye na kitu kinachokuja, umempa wiki nne za kula halafu umemfungia usajili wa semista ijayo. Umemsaidia kuacha masomo. Huyo nampeleka kwenye kazi za chuo za kulipwa kwa saa: maktaba, maabara, kupanga viti ukumbini. Vyuo vingi vya umma vina mpango huo na nafasi nyingine hukaa wazi kwa sababu watu wanaona haya kuonekana na ufagio.

---

Kisiki_cha_Kisauni

Shangazi, kwa nini basi wanasemaga pesa zimeisha wiki ya pili tu?

---

Bibi_Hesabu

Kwa sababu ni mfuko wa mzunguko. Tuseme una shilingi 800,000. Wanafunzi 80, kila mmoja 10,000, zimekwisha. Wakilipa wote, semista ijayo wanakopa 80 wengine. Wasipolipa 15, semista ijayo ni 65. Wasipolipa wengine 15, ni 50. Hakuna mwizi hapo, hakuna aliyekula. Ni sufuria linalovuja. Nilikuwa nikisikia wanafunzi wanasema "hiyo ni pesa ya chuo, wacha ikae" nikitamani kuwaonyesha sura ya yule wa 66.

---

Nahodha_Mstaafu

Vijana, sisi tuliambiwa kukopa harusi kulipa matanga. Naona siku hizi mnafungulia uzi.

---

KivukoKwaMguu

Baba shikamoo. Hapa hakuna harusi, ni unga.

---

Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Basi sawa, unga ni unga. Lakini nina swali la kweli. Mjukuu wangu kapata chuo, na hataki kugusa HELB kwa sababu ya hiyo asilimia 4. Anasema ni riba na mimi siwezi kumlazimisha. Je, huu wa chuo ukoje?

---

Mbaazi_Bila_Nazi

Babu, wa kwetu unarudisha kile kile ulichochukua. Nilipewa 9,900 na nimelipa 9,900.

---

Ustadhi_wa_Majengo

Mzee, ukiwa hivyo ndio karadha hasan yenyewe, mkopo mwema. Hauna ziada kwa mkopeshaji. Kuna jambo la kutazama tu: faini ya kuchelewa. Baadhi ya mifuko huweka "ongezeko" ukipitisha tarehe, na hilo ndilo lenye shaka. Kumzuia mtu usajili ni kumbana alipe, si kumla. Na kwa upande wa mkopeshaji, sura ya Baqara aya ya 280 inasema mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Ningependa fomu hizo ziwe na mstari wa kuomba muda. Fomu nyingi nilizoziona hazina.

Kuhusu HELB, mjukuu wako hayuko peke yake. Hapa pwani ni wengi wanaoacha, na wanaobeba mzigo huo ni mama zao kwenye michezo ya pesa, ile ya kuchanga na kupokezana. Simhukumu anayechukua wala anayeacha.

---

Dada_wa_Leicester

Salamu kutoka baridini. Mimi ni wa Old Town, niko Uingereza mwaka wa nne sasa, na niliwahi kuhudumu dawati la ushauri wa fedha chuoni kama mwanafunzi. Huku mambo yako wazi zaidi, niwape picha.

Mwanafunzi Mwingereza anapata mkopo wa matumizi kutoka serikalini kwa awamu tatu, mwanzo wa kila muhula. Ikichelewa, chuo kina vitu viwili tofauti, na watu huambiwa tofauti yake siku ya kwanza. Kuna mkopo wa muda mfupi: pauni mia kadhaa, bila riba, unarudisha awamu ikiingia. Kuna mfuko wa dhiki: huo ni msaada, haurudishwi, lakini uchunguzi wake ni mkali. Wanataka taarifa za benki za miezi mitatu, kila mstari. Nimekaa na kijana analia kwa sababu anaulizwa kuhusu pauni sita za kinyozi.

Kwa hivyo Bibi Hesabu hapo juu kasema sawa kabisa: kinachokuja na kisichokuja ni foleni mbili. Tatizo la nyumbani ni kuwa foleni ni moja.

Kwa wageni kama mimi ni kugumu zaidi, kwa sababu ili upate viza ulishaonyesha kuwa una pesa za kukutosha, na ukisema umeishiwa unaulizwa zilikwenda wapi. Kazi tunaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Zaidi ya hapo unahatarisha viza.

Ustadhi, suala la riba huku pia lipo. Bunge lilipitisha sheria 2017 inayoruhusu serikali kuanzisha mkopo wa wanafunzi usio na riba kwa Waislamu. Miaka inapita, watoto wanaingia chuo na kumaliza, bado wanangoja. Wengi wao wanategemea hiyo mikopo midogo ya chuo kwa sababu haina ziada.

---

Nahodha_Mstaafu

Ahsante sana binti. Vaa sweta.

---

Nyota_ya_Mtwapa

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Niseme langu.

Mimi nilifika mlango wa ofisi kama hiyo mara tatu. Mara ya kwanza nilimkuta mwenzangu wa darasani kwenye benchi, nikajifanya nimepotea njia. Mara ya pili nilikuta mlango umefungwa, nikashukuru, fikirieni, nikashukuru. Mara ya tatu niliingia. Nikaambiwa nilete barua ya chifu inayothibitisha kuwa hatuna uwezo. Nikapanda matatu mpaka nyumbani, nauli ya kuazima. Kule nikaambiwa muhuri una "ya chai". Mia tano. Ya kuthibitisha kuwa sina pesa.

Sikuitoa. Sikurudi pia.

---

Chuma_cha_Changamwe

Mia tano ya kuthibitisha huna mia tano. Hii nchi bwana.

---

Mbaazi_Bila_Nazi

Pole sana dada. Kwetu barua ya chifu haitakiwi kwa mkopo mfupi, inatakiwa kwenye msaada tu. Kama HELB walishakupima na kukuandikia kiasi, kwa nini upimwe tena? Muulize mkuu wa wanafunzi moja kwa moja, kwa barua, ubaki na nakala.

---

Bibi_Hesabu

Nyota, muhuri wa chifu ni wa bure. Lakini najua kusema hivyo hakukurudishii nauli. Mimi nikiwa kazini nilipigania barua ile iondolewe kwa mikopo chini ya kikomo. Hoja yangu ilikuwa ya kihasibu, siyo ya huruma: mkopo wa elfu tano ukimgharimu mwanafunzi mia nane kuuomba, huo si mkopo usio na riba tena. Ni asilimia 16 iliyolipwa kwa watu wengine.

Ilichukua mikutano minne.

---

KivukoKwaMguu

Na basari ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa jimbo, je? Mbunge kasema zimetoka.

---

Kisiki_cha_Kisauni

Zimetoka zikaenda chuoni. Hundi ya basari inaandikwa kwa jina la chuo, inapunguza karo, haikuletei sukuma wiki. Mimi nilidhani nitaiona kwa mkono, nikawa nishaahidi kodi.

---

Mwanafunzi_Mpya_2

Mimi ni wa mwaka wa kwanza, mfumo huu mpya wa kutupanga madaraja kwa uwezo wa nyumbani umenichanganya. Niko daraja la nne, na nyumbani baba hana kazi tangu mwaka jana. Chuo kitanikopesha kwa hesabu ya daraja au ya hali yangu?

---

Bibi_Hesabu

Mwanangu, mfumo huo ulitangazwa Mei 2023, Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka katiba, mambo yakaenda rufani. Usiungoje mawakili wamalize ndipo ule. Kwanza kata rufaa ya daraja lako kwa mfumo wenyewe, eleza baba amepoteza kazi, ambatisha barua ya kuachishwa. Hilo lifanye leo. Pili, mkopo mfupi wa chuo kwa kawaida hautazami daraja. Unatazama pengo: una kiasi gani, unahitaji kiasi gani, na kinachokuja kinakuja lini. Peleka hayo matatu kwenye karatasi moja. Afisa ana watu ishirini mlangoni, mwenye karatasi moja safi anamaliza dakika tano.

Na omba unachohitaji. Usiombe kikomo kwa sababu ni kikomo. Aliyekuja na bajeti ya 6,350 nilimwamini kuliko aliyekuja na 10,000 kavu.

---

Mbaazi_Bila_Nazi

Niongeze kosa langu ili lisiwakute. HELB iliingia wiki ya kumi na moja, usiku, simu ya kuazima ikalia nikadhani ni kengele ya mwenye simu. Kesho yake nikalipa 9,900 zote kwa M-Pesa, kwa namba ya malipo ya chuo. Nikarudi kulala kama mfalme.

Wiki mbili baadaye kadi ya mtihani imezuiwa. Kumbe nilipolipa niliandika namba yangu ya usajili kama ninavyolipa karo, na mashine ikaiweka pesa kwenye karo. Upande wa mkopo bado nadaiwa. Siku mbili nzima nilipanda na kushuka ngazi kati ya ofisi ya fedha na ustawi, kila mmoja ananionyesha mwenzake. Yule mama wa penseli ndiye aliyenishika mkono akanipeleka mwenyewe, akasimama pale mpaka wakahamisha.

Kwa hivyo: uliza namba ya akaunti ya mkopo, ni tofauti. Na ukilipa, peleka ujumbe wa M-Pesa ofisini siku hiyo hiyo wakukate jina mbele ya macho yako.

---

Nyota_ya_Mtwapa

Huyo mama yuko bado?

---

Mbaazi_Bila_Nazi

Yuko. Jumatatu hadi Alhamisi.

---

Nyota_ya_Mtwapa

Mimi na wewe tuko chuo kimoja, nimeijua hiyo pangaboi. Siku niliyoingia nilimkuta kijana wa shati jeupe, sikumwona mama yeyote. Na picha ya HELB ninayo, ilikuwa kwenye simu siku ile ile, hakuniuliza.

---

Mbaazi_Bila_Nazi

Basi ilikuwa Ijumaa. Yule ni wa msaada, hana habari ya mkopo. Dada yangu, ulikuwa foleni isiyo yako.

---

Nyota_ya_Mtwapa

Kesho wanafungua saa ngapi?

---

Mbaazi_Bila_Nazi

Saa mbili. Wewe fika saa moja na nusu, namba zinatolewa ishirini tu. Chapisha ile picha, usiende nayo kwenye simu. Saini ya idara itafute leo kabla hawajafunga. Nitakuwa hapo kwenye benchi nikikusubiri, nina miadi maktaba saa tatu. Na njoo na kalamu yako, ya pale imefungwa kamba fupi haifiki kwenye fomu.